Diodi Niliyoifunga Kinyume

Yombo, Jumamosi jioni

Mwanangu Atupele,

Mwandiko ni wa mama yako, maneno ni yangu. Usishangae. Mimi nimekaa kwenye kiti changu, yeye yuko mezani na miwani yake, anaandika kwenye karatasi alizochana katika daftari la watoto wake wa chekechea, na kila nikivuta pumzi ananiuliza kama aweke nukta. Wewe umekwenda kanisani kuwaaga wanakwaya wenzako, au kuwaambia kwamba huendi tena. Tangu juzi hatujui ni lipi na hatujathubutu kukuuliza. Tiketi ya Kigoma ipo, basi linaondoka kesho alfajiri, na begi lako bado liko juu ya kabati, tupu. Hospitali ya huko iliyokuajiri uwe fundi wa mashine zake imeshakuongezea muda mara moja kwa ajili yangu, na wamesema hawaongezi tena. Nikikungoja urudi tuzungumze ana kwa ana, najijua, nitaanza uongo wangu upya. Ndiyo maana nimemwomba mama yako ashike kalamu.

Mambo ya neti, ya kuchemsha maji, ya kuchagua chumba chenye mlango imara, hayo sitayagusa. Mama yako atakuambia mpaka uchoke, na yatakayobaki atakupigia simu kabla basi halijafika Morogoro.

(Nitakupigia Chalinze. Mama.)

Mimi nataka kuzungumza nawe habari ya pawasaplai ya Mwalimu Ezekieli, kile kisanduku cha kuipa kompyuta umeme. Najua hutaki kuisikia. Vumilia, kwa sababu juzi ulinikuta nimeshafunga mdomo, na kilichotokea hukukijua chote.

Ulipokwenda kukata tiketi ukaniacha peke yangu kibandani Buguruni, Mwalimu alikuja ameibeba kompyuta yake ile ya tuisheni, lile dude la zamani ambalo mimi na wewe tumeshalifufua zaidi ya mara moja. Alikuwa anahema. Akaniambia, "Fundi, jana nimeiwasha ikapiga shoti, nyumba nzima giza. Na watoto wanasubiri mtihani wa majaribio, nauchapia nini sasa?" Nikamwambia aniachie, arudi jioni. Alipoondoka nilifurahi, mwanangu. Nilifurahi kwamba hukuwepo. Nilitaka nifanye kazi moja peke yangu mpaka mwisho, ukirudi nikuambie imeshachukuliwa, ili upande basi ukiwa na amani.

Nikaifungua. Nikapima fyuzi, mita ikalia, maana yake nzima. Hapo fundi wa kweli angesimama kidogo ajiulize: shoti ya kuzima nyumba nzima, halafu fyuzi imepona? Fyuzi kazi yake ni kufa kwanza. Sikujiuliza. Nilikuwa na haraka ya kufaulu.

Zile diodi nne zinazopokea umeme wa ukutani nilizitafuta kwa masikio. Nilikufundisha ukiwa bado unavaa sare za shule, na juzi nilijisikia raha kukumbuka kwamba sikio halijanisaliti. Mlio unaoanza kisha unafifia ni kapasita, kile kikopo cha kutunza umeme, inajaa, huo hautishi. Mlio unaong'ang'ania, ukigeuza waya za mita bado unang'ang'ania, huo ndio wa kuutilia shaka. Niliupata kwenye diodi ya tatu. Hata hivyo sikuihukumu palepale. Niliyeyusha lehemu, nikainua mguu wake mmoja nikaipima ikiwa peke yake, maana diodi ikiwa bado imeshikwa na bodi inaweza kusingiziwa makosa ya jirani. Ikalia huku na huku. Nikajua ndiyo iliyokufa. Mpaka hapo, Atu, hakuna fundi wa Buguruni nzima angenizidi.

Halafu nikachukua diodi mpya.

Wewe unajua ilivyo: kitu kidogo cheusi, na ncha moja ina mstari mweupe wa kukuonyesha upande. Niliigeuza ile punje mkononi, nikaisogeza dirishani, nikairudisha. Nyeusi yote. Ningeweza kuipima, lakini diodi nzima mita haiililii, inaonyesha tarakimu, na tarakimu za mita siku hizi kwangu ni kama maandishi kwenye mchanga baada ya mvua. Nikajiambia nakumbuka mstari ulikuwa upande wa kapasita. Sikukumbuka. Nilikisia, nikalehemu.

Na taa ya majaribio ilikuwa inaning'inia pale pale kwenye msumari. Nimekupigia kelele mara ngapi kuhusu ile taa? Usichomeke kitu ulichokifungua moja kwa moja ukutani, pitisha umeme kwenye balbu kwanza, ukiwa umekosea balbu itawaka sana na kukubebea kosa lako. Ni kazi ya dakika. Sikuipitisha, kwa sababu kuipitisha kungekuwa kukiri kwamba nina shaka. Sikutaka kukiri hata mbele ya viti vitupu.

Mlipuko wake uliusikia ukiwa kituoni, au sivyo? Safu yote ya vibanda ilikosa umeme. Mama Zuhura wa juisi alipiga kelele, "Baba Atu, unatuulia biashara!" Ulipoingia nilikuwa nimeshika kitambaa, vidole vinawaka moto, moshi umejaa. Ukaniuliza kuna nini. Nikasema kapasita ilikuwa imechoka.

Ukaichukua bodi ukasogea mlangoni. Hukukaa nayo hata kidogo.

"Baba, diodi umeifunga kinyume. Na fyuzi imezungushiwa waya wa shaba. Mtu kaunga. Hukuona?"

"Niliona."

"Hukuona, Baba."

"Niliona, nilikuwa sijafika huko."

Ukaweka bodi mezani taratibu, na ile taratibu yako iliniuma kuliko ungenigombeza. Ukasema, "Mie siendi Kigoma." Ukaanza kufagia.

Sasa nisikilize nami nikuambie nilichokuwa najua. Najua kwamba kwa miezi mingi umekuwa ukizifungua tena kazi zangu nikishaenda kula mchana. Nilijua kwa kidole gumba. Lehemu yangu tangu ujana ina kitovu, inavimba katikati, fundi aliyenifundisha alikuwa akinitania kwamba nalehemu kama mtu anayekanda ugali. Siku moja niliishika redio niliyoitengeneza mwenyewe, nikapitisha gumba chini ya bodi, nikakuta lehemu laini, imelala vizuri. Ya kwako. Nikapitisha kwenye nyingine, ya kwako. Nikairudisha mezani nikanywa maji. Ulipokuja ukaniuliza, "Baba, ile redio ya mzee umeshamaliza?" nikakujibu, "Nimemaliza," na wewe ukasema, "Hongera." Tukaendelea kudanganyana hivyo, kila mmoja akimwonea mwenzake huruma. Nilikuacha uendelee kwa sababu ilinifaa. Wateja walinisifu, nami nikazipokea sifa.

Nimechoka, mwanangu. Kazi haijanichosha kiasi hicho. Kilichonichosha ni kujificha. Kuhesabu hatua za mlangoni ili usinione napapasa, kumchekea mtu kabla sijajua ni nani, kushika gazeti nisilolisoma. Mtu anayeiba angalau hupumzika akishaiba.

(Nimemwambia apumzike kidogo, amekataa. Chai yake imepoa. Mama.)

Nikueleze kitu cha Tukuyu, kule nilikokulia, ambacho sijakueleza. Unajua babu yako aliumia mgongo alipoteleza na gunia la viazi. Wakati ule fundi mmoja wa redio mjini Mbeya alikuwa amekubali kunichukua nikajifunze kwake. Nilikuwa nimeshafunga nguo. Baba akaniambia, "Nenda, mimi mzima," na huku nilikuwa nimemwona asubuhi ile akivaa kiatu kwa kulala chini. Nikabaki. Hakuna aliyeniomba. Nilibaki kwa hiari yangu, na kanisani nikapewa jina la mtoto mwema.

Basi kazi mojawapo ilikuwa kumpelekea maji ya kuoga. Mwanzo nilipeleka vizuri. Baadaye, siku zilipoanza kufanana, nikawa naiweka ile ndoo chini kwa kishindo. Kidogo tu. Ukiwepo usingesema nimefanya kosa. Lakini kilikuwa kishindo cha kumwambia kwamba nimechoka, nami nilitaka asikie. Alisikia. Hakunisema hata siku moja. Akaanza kuruka siku, akisema leo baridi, leo sijatoka jasho. Mtu msafi kama babu yako akawa anaoga mara moja moja ili asinisumbue.

Hapo ndipo ninapoogopa, Atupele. Siogopi kwamba utanitupa. Naogopa ubaki, uwe mwema kwa muda, halafu siku moja uniwekee ndoo kwa kishindo. Si kwa ubaya. Hata mimi sikuwa mbaya. Huruma inayokaa mahali ilipotakiwa kuondoka huchacha, kama maziwa tu, na aliyeyachachisha hajui ni saa ngapi yamebadilika.

Ila kwa miaka mingi nilijilaumu peke yangu, na wiki hii ndipo nimeona kwamba baba naye alikuwa na sehemu yake. Alisema "mimi mzima." Ningeondokaje nikimwacha mtu anayenidanganya? Nani angejua siku akianguka, kama yeye mwenyewe hasemi? Angeniambia, "Mwanangu, mgongo umekufa, hautapona, lakini nimeongea na mjomba wako atakuwa anakuja asubuhi," ningelia nikaondoka. Uongo wake ndio ulionifunga. Na mimi nimekufunga kwa uongo uleule, neno kwa neno. "Niliona." Kila niliposema naona, ulipata sababu nyingine ya kubaki, kwa sababu mtu asiyeona na anayesema anaona ndiye hasa huwezi kumwacha peke yake na umeme.

Kwa hiyo nakwambia ukweli. Macho yangu hayahitaji miwani mpya. Ile siku niliyokwenda kliniki peke yangu, nikarudi nikawaambia daktari kasema nibadilishe miwani, hakusema hivyo. Alisema ni presha ya macho, na kilichopotea hakirudi. Matone ninayotia ni ya kulinda kilichobaki. Jicho la kushoto halina kitu. La kulia naona katikati, kama ninachungulia kwenye tundu la ufunguo, na tundu linapungua.

(Hapa niliweka kalamu chini. Nilikuwa najua, mwanangu. Mtu anayelala na mwenzake anajua anavyopapasa kikombe. Lakini kulisikia likitoka mdomoni mwake ni jambo jingine. Sasa tunaendelea. Mama.)

Sasa nikuambie tulichofanya leo asubuhi, shangazi yako alipokuita Kigamboni. Nilimwambia mama yako, "Twende Buguruni ukanisaidie kitu." Hajawahi kugusa kazi yangu tangu tuoane, alikuwa anasema kibanda kinanuka. Nikamweka kwenye kiti chako. Nikaiweka mbele yetu pawasaplai ya Mwalimu. Uliponiambia kwa hasira "itupe hiyo," sikuitupa.

Mimi nilipima, kwa sikio. Mlipuko ulikuwa umeondoka na diodi zote nne na umechoma njia moja ya bodi, lakini upande wa pili wa bodi ulikuwa mzima. Nilizitoa zote. Yeye akashika mpya.

"Mstari uko wapi?"

"Uko kushoto."

"Kushoto kwako au kwangu?"

"Baba Atu, tumekaa upande mmoja, kushoto ni kushoto."

Alizisoma zote nne, kila moja mara mbili, na mimi nikazishika kwa koleo akaniongoza mkono. Alinigombeza kwa kulehemu vibaya. Anasema hata watoto wake wa chekechea wanabandika vizuri zaidi. Nikamwambia basi lehemu wewe. Ya nne aliilehemu yeye. Ina kitovu kuliko zangu.

(Ilikuwa mara yangu ya kwanza. Mama.)

Ule waya wa shaba tuliutoa, tukaweka fyuzi ya haki. Taa ya majaribio tuliipitisha. Nikamwambia, "Washa, halafu niambie balbu inafanya nini." Akawasha. Nikasikia kiti chake kinasogea. Nikasubiri kama siku ya kwanza ya kazi.

"Sema basi!"

"Imewaka halafu imefifia. Imekaa hivyo hivyo imefifia. Ni vibaya?"

Ni vizuri. Wewe unajua ni vizuri. Mwalimu ameshaichukua kompyuta yake, nami nilimweleza kwamba juzi niliiharibu mwenyewe kwa sababu sioni. Nilidhani maneno yale yakitoka mdomoni nitaanguka. Mwalimu alisema tu, "Pole, Fundi," akauliza kama Jumatatu tutafungua, maana ana printa pia.

Tutafungua. Chekechea inafungwa mchana, kwa hiyo kibanda kitakuwa cha alasiri, mimi na mama yako. Asubuhi sitagusa umeme, nimemwahidi, na nakuahidi na wewe. Kazi nyingine tutazikataa. Mama Zuhura anayo ruhusa ya kukupigia akiniona nafungua kitu peke yangu, na unamjua, atapiga hata nikifungua soda. Sitakudanganya kwamba itatosha. Huenda tukaweza, huenda mwakani tukafunga. Hilo nalo utalisikia kutoka kwangu mwenyewe, siku hiyo hiyo.

Na la mwisho la ukweli, kwa sababu nikilificha nitakuwa nimerudi kulekule. Nataka ubaki. Nikisikia hatua zako mlangoni roho yangu inatulia, na sijui nyumba hii itakuwaje bila hizo hatua. Nakuambia ujue kwamba sikufukuzi na sijifanyi shujaa. Ila nataka uende kuliko ninavyotaka ubaki. Kule kuna mashine za watoto wachanga zinahitaji mtu mwenye jicho lako na lehemu yako ile laini. Na nakutaka uwe na hasira zako, furaha zako, makosa yako mwenyewe. Ukikosea huko, kosea kwa kazi uliyoichagua. Usijibebeshe makosa ya baba yako, mimi nayaweza.

Mama yako ananiambia karatasi zimekwisha na wewe unakaribia kurudi. Begi ameshalishusha. Nguo hajakunja, anasema hiyo ni kazi yako ukitaka.

Ukiamua kwenda, naomba kitu kimoja. Nilikuwa nimepanga nikuage hapa nyumbani nikisingizia baridi ya alfajiri, ili usinione nikijikwaa gizani. Sasa sitaki. Nitakuja stendi. Nishike mkono, mbele za watu, uniongoze kama mtu asiyeona, kwa sababu ndivyo nilivyo. Nionyeshe ngazi, niambie kuna dimbwi. Tukifika mlangoni pa basi, usinikumbatie sana, maana nitalia na wewe hutapanda. Uchukue tu mkono wangu uutie kwenye mkono wa mama yako. Halafu uuachie, upande.

Ni mimi baba yako, ninayekupenda.

(Nimeandika kama alivyosema, sikuongeza. Mkono nitaushika. Mama.)